Daftari la nywila linaonewa

Karibu kila mafunzo ya usalama wa mtandao, yawe Nakuru au Kisumu, huanza na katazo moja: usiandike nywila popote. Katazo hilo lina msingi. Chumba cha kupanga katika mitaa kama Nyalenda au Rhonda hupitiwa na wengi, na daftari lililo mezani husomwa na yeyote. Kule Budalang'i na Nyando, maji ya mafuriko yakiingia nyumbani hayachagui karatasi ya kuacha. Na nywila iliyobandikwa pembeni mwa skrini ya ofisi haina utetezi wowote.

Lakini mtu huyo huyo ana akaunti ya eCitizen kwa huduma za serikali, ya iTax kwa kodi, ya HELB kwa mkopo wa masomo, ya KUCCPS ya mwanawe anayeomba nafasi ya chuo, na barua pepe. Akikatazwa kuandika, hufanya kinachowezekana: huchagua nywila moja, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, akaitumia kote. Tovuti moja dhaifu ikidukuliwa, wezi huchukua orodha ya anwani na nywila, wakaiachia programu iijaribu kwenye tovuti nyingine mamia kwa mamia. Mwizi wa namna hiyo yuko mbali mno kufungua droo iliyoko Kondele. Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa Marekani, alishauri tangu 2005 watu waandike nywila ngumu na kuzitunza kwenye pochi, pamoja na karatasi nyingine wanazozithamini.

Barua pepe ndiyo ya kuhofiwa kuliko zote. Ukibonyeza "nimesahau nywila" kwenye tovuti nyingi, kiungo cha kuibadilisha hutumwa huko, kwa hiyo anayeishika barua pepe yako hahitaji kujua nywila zako nyingine. Sasa angalia inavyofunguliwa saiba, yaani kwenye duka la intaneti, mteja anapojisajili kwa kodi. Mhudumu anaharakisha foleni, anabuni nywila yeye mwenyewe, pengine anaweka namba yake ya simu kuwa ya kurejeshea akaunti. Mteja anaondoka na cheti cha PIN (namba ya mlipa kodi) kilichochapishwa, nywila hana. Juni ikifika, ritani za kodi zinatakiwa kabla ya tarehe 30 kwisha, anarudi kwa mhudumu yule yule, na mhudumu anaijua. Mistari miwili ya daftari ingemwondoa mteja katika utegemezi huo, mradi abadilishe nywila na namba ya kurejeshea kwenye simu yake mwenyewe.

Programu za kutunza nywila, kama Bitwarden ambayo ina toleo la bure, ni bora kwa mwenye simu yake peke yake. Hubuni nywila tofauti kwa kila akaunti na hazijazi nywila kwenye tovuti bandia yenye anwani tofauti. Ila nazo zina nywila kuu, na ukiisahau, kampuni haiwezi kukufungulia. Hiyo nayo inahitaji karatasi.

Basi daftari litunzwe kama hati ya shamba. Namba ya siri ya M-Pesa isiingie humo kabisa. Kwa kila nywila, acha herufi nne au tano bila kuandika, uzishike kichwani. Atakayeliiba daftari atapata nusu ya ufunguo. Nywila yenyewe iwe maneno manne yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu, mara tano kwa kila neno, kutoka orodha ya maneno 7,776 yaliyopewa namba za dadu: michanganyiko inazidi trilioni 3,600. Ukiyachagua mwenyewe, ugali, samaki, sukuma na Gor ya soka, hesabu hiyo haikuhusu tena, kwa kuwa mwizi naye ataanza na hayo.

Washa pia uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, ule unaodai msimbo juu ya nywila. Google hutoa misimbo 10 ya akiba ya kuingilia simu isipopatikana, kila mmoja wa tarakimu nane na wa kutumika mara moja tu. Inakili daftarini, ufute kila uliotumika, kwa sababu siku laini ikipotea au ikisajiliwa upya na tapeli, ujumbe wa uthibitisho hautakufikia. Anayeishi penye mafuriko aweke nakala ya pili ndani ya nailoni, kwa ndugu anayekaa mlimani.