Wimbo Maarufu Kwenye Filamu: Uchaguliwe Kabla ya Kamera

Mlango wa matatu ukiwa umefungwa, aliyesimama kituoni husikia besi tu, mdundo mzito usio na maneno. Makanga akiufungua, sauti ya mwimbaji inamwagika barabarani pamoja na kinanda na vigoma. Sekunde chache baadaye mlango unafungwa na gari linaondoka na kiitikio chake. Mkazi yeyote wa Nairobi anaijua sauti hiyo. Mwongozaji wa filamu anayejua kuitumia anaweza kumwonyesha mtazamaji ni mwaka gani, ni njia ipi ya jiji, abiria ni watu wa rika gani, na mhusika aliyebaki kituoni anajiona wa kundi lipi, kabla hajatamkwa neno hata moja.

Juu ya matumizi hayo, watengenezaji filamu wamegawanyika. Wapo wanaosema filamu ya Nairobi isiyo na nyimbo ambazo jiji linaziimba ni filamu ya mji mwingine. Wapo wanaosema wimbo maarufu ni mkopo wa hisia: unaazima kilichojengwa na msanii kwa miaka, unakilipa ghali, halafu mwigizaji wako anasimama tu huku wimbo ukimfanyia kazi. Nimezipima hoja za pande zote mbili na naziona zote zina uzito. Lakini ninaamini swali la kwanza linalostahili kuulizwa ni lini wimbo ulichaguliwa. Uliochaguliwa kwenye mswada mara nyingi huijenga filamu. Uliodondoshwa kwenye meza ya mhariri, kwa sababu onyesho lilitoka baridi, ndio unaoleta karibu kila lawama za upande wa pili.

Tuanze na faida, maana ni kubwa. Wimbo unaojulikana hubeba tarehe. Chukua “Unbwogable” ya Gidi Gidi Maji Maji. Ulitoka mwaka 2002, ukachukuliwa na kampeni ya NARC, muungano wa upinzani, na Desemba mwaka huohuo KANU, chama kilichotawala tangu uhuru, ikatoka madarakani. Redio ya kibandani ikiupiga wimbo huo, mtazamaji Mkenya wa umri fulani ameshaijua hali ya nchi: matumaini yale, na watu waliokuwa wakiimba mitaani. Hakuna maandishi ya “Nairobi, 2002” yanayoweza kulifanya hilo kwa sekunde sita. Ila nguvu hiyohiyo inaadhibu uzembe. Uweke kwenye onyesho la mwaka 2001 na nusu ya ukumbi itaacha kuiamini filamu papo hapo. Kwa filamu yenye miaka maalumu, mwaka wa kutoka wimbo uandikwe kwenye mswada kando ya jina lake, kama vile mtu wa mavazi anavyoandika mwaka wa viatu.

Faida ya pili ni lugha. Wimbo wa Kijaluo ukipigwa kwenye baa ya Nairobi, sehemu ya ukumbi itaelewa kila neno na sehemu nyingine itabaki na gitaa tu. Hilo ni sawasawa na maisha ya jiji lenyewe, na mwandishi mzuri analitumia: maneno ya wimbo yanawadokezea baadhi ya watazamaji jambo ambalo mhusika hajalijua bado. Uamuzi mgumu huja kwenye maandishi ya tafsiri chini ya picha. Ukitafsiri mashairi wakati watu wanazungumza, jicho la mtazamaji wa ng’ambo litashindwa na yote mawili. Kanuni inayofaa ni kutafsiri mashairi pale tu midomo imenyamaza, na pale tu maneno yanaisogeza hadithi.

Kuna tofauti kubwa kati ya wimbo unaotoka ndani ya hadithi, yaani kwenye redio, simu, matatu au spika ya duka la Luthuli Avenue, na wimbo uliowekwa juu ya picha ambao wahusika hawausikii. Huu wa ndani ndio wenye uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu una mahali. Mahali pana kuta, na kuta zinabadilisha sauti. Walter Murch, mbunifu wa sauti wa Marekani, alipoitengeneza sauti ya filamu ya American Graffiti, iliyotoka mwaka 1973, hakuziacha nyimbo zilivyotoka studioni. Zilipigwa tena kwenye nafasi halisi kwa spika, zikarekodiwa upya huku spika na kipaza sauti vikisogezwasogezwa, kisha rekodi hiyo ikachanganywa na ile safi kwa viwango tofauti. Wimbo ukapata hewa ya mtaa.

Kazi hiyo haihitaji studio ya gharama. Spika moja, ua la nyumba au ngazi za jengo, na kinasa sauti vinatosha. Asiye na nafasi atumie kichujio, yaani kikata-sauti nzito au nyembamba (Hz ni kipimo chake; namba ndogo ni sauti nzito): kwa redio ndogo ya betri, kata chini ya Hz 300 na juu ya Hz 4,000, halafu ongeza mwangwi mfupi wa chumba. Kwa matatu iliyofungwa fanya kinyume: acha kilicho chini ya Hz 200 au karibu na hapo, ufungue kichujio chote katika fremu (picha moja ya filamu) ileile mlango unapoanza kusogea. Kosa la kawaida ni kukifungua kichujio polepole kwa sekunde nzima. Mlango haufunguki hivyo, na sikio linagundua udanganyifu hata kama jicho halikuona.

Filamu ya Reservoir Dogs ya mwaka 1992 inaonyesha jinsi wimbo wa ndani ya hadithi unavyoweza kuuma. Mateso yanaendelea kwenye bohari huku redio ikicheza “Stuck in the Middle with You”, wimbo mchangamfu wa miaka ya 1970. Mtesaji anatoka nje kwenda kwenye gari lake, na wimbo unafifia kadiri anavyojitenga na redio. Anaporudi, unarudi naye. Ukatili wa onyesho lile unatokana na redio isiyojali kinachotendeka mbele yake. Wimbo uleule ungewekwa juu ya picha, bila redio, tungeuona kama maoni ya mwongozaji tu.

Sasa upande wa pili, ambao nchini kwetu haupewi masikio ya kutosha. Lawama ya kwanza ni ile ya wimbo wa muda. Mhariri anaukatia picha wimbo fulani ili ajue mwendo, akikusudia kuuondoa baadaye. Wiki nane zinapita, kila mtu ameuzoea, na muziki wowote mpya unaonekana dhaifu. Mambo haya yaliwakuta hata wakubwa. Kwa filamu ya 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968, Stanley Kubrick alimwagiza Alex North kutunga muziki, kisha akauacha na kubaki na vipande vilivyokuwapo tayari, alivyokuwa amevitumia katika uhariri. Kubrick aliweza kubaki na vipande vile. Mtengenezaji wa Nairobi aliyezoea wimbo wa nyota wa Marekani hataweza, na onyesho lake limeshakatwa kwa mwendo wa wimbo asioweza kuununua.

Na mwendo si jambo dogo. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una pigo moja kila sekunde 0.6. Ukirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni fremu 15 kamili. Kwa fremu 24, ni fremu 14.4. Mhariri anayekata kila fremu 14 atakuwa ameutangulia wimbo kwa fremu 4 baada ya mapigo kumi, na mtazamaji ataanza kuhisi kwamba miguu ya wachezaji haipo pamoja na ngoma. Ukibadilisha wimbo baadaye kwa mwingine wa mapigo 112, onyesho zima linakatwa upya. Zaidi ya hapo, mhariri anayekata kwenye kila pigo ameshatengeneza video ya muziki. Katia mwanzo wa kila mapigo manne, au mara nyingine uliache pigo lipite ndipo ukate, ili uso wa mwigizaji upate nafasi ya kubadilika.

Lawama ya pili ni uzee. Gengetone, mtindo wa muziki wa vijana wa Nairobi, ilipanda kwa kasi kuanzia mwaka 2018, na ilipofika 2021 moto wake ulikuwa umepungua. Filamu inayoandikwa leo huenda ikaonyeshwa baada ya miaka miwili. Wimbo uliochaguliwa kwa sababu “ndio unaovuma” utakuwa umegeuka kuwa tarehe, na kama hadithi haikuhitaji tarehe, filamu imezeeka bure.

Ya tatu ni haki, na hapa ndipo filamu nyingi hufungiwa kabatini. Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani mashairi na melodia, na ya rekodi yenyewe. Kuufunga wimbo na picha kunahitaji ruhusa zote mbili, kwa maandishi. Leseni ya kupiga muziki hadharani, ile inayobandikwa ukutani kwenye mkahawa, haimruhusu mtu kuuweka wimbo kwenye filamu. Wenye haki wengi huweka pia sharti la usawa: ukimlipa mwenye rekodi shilingi 50,000, mtunzi naye alipwe 50,000. Anayebajeti upande mmoja tu amekosea hesabu kwa nusu.

Wengine hukimbilia nyimbo za zilizopendwa wakidhani ni mali ya umma. Sheria ya Kenya inaipa rekodi miaka 50, lakini utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Daudi Kabaka alifariki mwaka 2001. Rekodi yake ya miaka ya 1960 inaweza kuwa imetoka kwenye ulinzi nchini, ilhali utunzi wake utalindwa hadi mwisho wa 2051, na Marekani inahesabu umri wa rekodi za zamani kwa kanuni nyingine, ndefu zaidi. Filamu inayolenga matamasha ya ng’ambo lazima izingatie hayo. “Malaika”, wimbo ambao kila mgeni anauomba, utunzi wake umebishaniwa kwa miaka mingi: Fadhili William aliurekodi na kujulikana kwa wimbo huo, huku wengi wakimtaja Adam Salim wa Tanzania.

Nyimbo mpya zina mtego wao. Msanii anaweza kukupa ruhusa kwa moyo mweupe kumbe biti aliinunua mtandaoni kwa leseni isiyoruhusu filamu, au prodyusa ndiye mwenye rekodi, au ndani ya wimbo kuna kipande cha wimbo wa mtu mwingine. Kwa kundi la watu wanne, dai karatasi ya mgawanyo wa umiliki iliyosainiwa na wote wanne. Ikikosekana, usiutumie wimbo huo, hata uwe mtamu kiasi gani.

Mfano unaopaswa kufundishwa kila darasa la filamu ni Killer of Sheep ya Charles Burnett. Aliikamilisha mwaka 1977 akiwa mwanafunzi wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, kwa chini ya dola 10,000, akiijaza nyimbo za blues, jazz na soul zilizokuwa sauti halisi ya mtaa wake. Haki hazikuwa zimelipiwa. Ilibidi kusubiri hadi 2007 ndipo ikaingia kwenye kumbi za biashara, baada ya nyimbo kulipiwa takriban dola 150,000. Kisanaa Burnett hakukosea hata kidogo. Ukizitoa nyimbo zile filamu inapoteza nafsi. Ila kwa miaka 30 watazamaji wa kumbi za biashara hawakuiona.

Upande huu una hoja nyingine inayonigusa zaidi kuliko fedha. Solomon Linda alirekodi “Mbube” Johannesburg mwaka 1939 na akauza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ukazaa “The Lion Sleeps Tonight”, ukaingia kwenye The Lion King ya mwaka 1994, na familia yake ilibidi kwenda mahakamani mwaka 2004 kabla ya kufikia mapatano mwaka 2006. Mwongozaji wa Nairobi anayemwambia msanii wa mtaani “utapata kujulikana” badala ya malipo anaurudia mchezo uleule.

Kwa hiyo nasimama na wanaotaka nyimbo za watu, kwa masharti ya waliojihadhari. Wimbo uwe na chanzo ndani ya hadithi. Hisia ya ndani ya mhusika iachiwe muziki uliotungwa kwa ajili yake, au ukimya. Na siku ya kurekodi, wimbo usipigwe chini ya mazungumzo hata kidogo, kwa sababu ukishaingia kwenye kipaza sauti kimoja na sauti ya mwigizaji, kila mkato utaruka mashairi na hutaweza tena kuubadilisha. Kwa onyesho la dansi wapigie sekunde kumi washike mwendo, kisha uzime. Au waachie mdundo wa besi wa Hz 40 peke yake, ambao mhandisi ataukata baadaye chini ya Hz 80 bila kugusa maneno. Mwishoni rekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya.

Barua kwa mwenye utunzi na mwenye rekodi zitoke mswada ukiwa rasimu ya pili, zikitaja urefu wa kipande, onyesho linahusu nini, na kama unaomba matamasha tu kwanza ukiwa na haki ya kuongeza televisheni na mtandao kwa bei iliyoandikwa tangu sasa. Filamu nyingi za hapa huishia YouTube, na huko mfumo wa kutambua nyimbo unaweza kupeleka mapato yote kwa mwenye wimbo au kuizuia filamu isionekane. Sambamba na barua hizo, mtafute mtunzi wa hapa atunge wimbo wa akiba, na umpe maelezo ya kazi ya wimbo huo: mapigo mangapi, lugha gani, unatoka kwenye spika gani. Jina la wimbo huo wa pili liandikwe kwenye mswada chini ya la kwanza, kabla waigizaji hawajaanza mazoezi.