Databezi ya protini zilizopimwa maabara tu, ina haja kweli?

Ukifungua databezi ya protini ukakuta pembeni ya jina pameandikwa kazi yake, unaamini kuna mtu alikaa maabara akaipima. Mara nyingi hakuna. Kampyuta imelinganisha sikwensi yake (mpangilio wa amino asidi zinazoijenga) na ya protini nyingine inayofanana nayo ikakopi maelezo, kisha nyingine ikakopi kwa hiyo iliyokopi, inaenda hivyohivyo mpaka ukitafuta nani alipima ile ya kwanza humpati. Utafiti mmoja wa 2009 uliangalia familia za vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali kwenye seli) zinazojulikana vizuri ukakuta databezi zinazojazwa na kampyuta zina makosa kibao, ila Swiss-Prot, databezi inayopitiwa na watu, makosa yake yalikuwa karibu na sifuri.

Kwa hiyo wanaotaka databezi ya vilivyothibitishwa tu wana hoja. Ishu ni kasi. Swiss-Prot ilianza 1986 na ina rekodi laki tano na ushee, wakati TrEMBL, dada yake inayojazwa na kampyuta, ilishavuka milioni 200. Na hata hizo laki tano si zote zimepimwa, nyingi mkaguzi alikubali kwa sababu zinafanana na iliyopimwa (watu wanasahau hili sana). Halafu zinazopimwa zaidi ni zilezile za binadamu, panya, hamira na bakteria E. koli, sasa anayechunguza bakteria wa baharini atapata nini humo?

Na kupimwa kwenyewe kuna mitego. Kimeng'enya kinaweza kushughulikia kemikali fulani ndani ya tyubu wakati kwenye seli hakikutani nayo kabisa.

Mimi bado naegemea upande wa databezi hizi, ila si kwa sababu ya usafi. Tangu 2010 kuna shindano linaitwa CAFA, programu zinatabiri kazi za protini kwanza halafu wanasubiri matokeo ya maabara yaingie ndo wasahihishe. Bila rekodi zilizopimwa unasahihisha kwa kutumia nini, utabiri mwingine? Hapo kila programu itafaulu tu.

Wengine wanasema Gene Ontology, mfumo wa kuorodhesha kazi za jeni na protini, tayari inaweka alama, IDA kwa kilichopimwa moja kwa moja na IEA kwa cha kampyuta, we chuja tu. Sawa, lakini hiyo IDA haiji yenyewe, lazima mtu asome makala nzima aiingize, na hapo ndo pamekwama, hela ya kulipa wasomaji hao ni ya kubahatisha. Majarida yanakataa makala kama sikwensi haijawekwa kwenye databezi ya umma, basi yadai na hili, aliyepima ajaze mwenyewe protini gani, kazi gani, kaipima vipi. Atajisifia, najua, kwa hiyo mkaguzi bado atahitajika, ila kukagua fomu iliyojazwa ni kazi ndogo kuliko kuchimba makala kurasa kwa kurasa.