Hesabu za Fedha na Sheria ya Biashara Zikae Darasa Moja

Mwanafunzi wa shahada ya fedha katika vyuo vyetu vingi hukutana na sheria ya biashara kwa muhula mmoja, au miwili akibahatika, katikati ya uhasibu, takwimu na uchumi. Anatafuta desa, yaani notsi za wenzake, la mwaka uliopita, anakariri masharti ya mkataba halali na majina ya kesi za Uingereza, anaingia kwenye mtihani na kutoka. Sapu, yaani mtihani wa marudio, ikimkwepa, habari ya sheria imeishia hapo. Upande wa pili wa chuo, mwanafunzi wa sheria anapiga msuli miaka yote bila kukokotoa marejesho ya mkopo hata mmoja. Kila mmoja anapewa nusu ya elimu, kisha tunawakabidhi wote wawili watu wenye shida nzima.

Nasema hivi kwa sababu ya kazi yangu. Nilisoma fedha, na sasa nashughulikia mikopo katika chama cha akiba na mikopo. Karatasi ninazoletewa hazijui mipaka ya vitivo.

Mwanachama wetu mmoja, mama lishe, alinijia na mkataba wa mkopo aliouchukua kwingine, kwa mkopeshaji binafsi wa aina ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Kurasa mbili, herufi ndogo, Kiingereza kitupu. Alichokijua yeye ni kwamba alikopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12 na kwamba marejesho yanambana. Mkataba ulisema riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukiishia hapo huoni kosa, kwa sababu asilimia 3.5 ndicho kikomo ambacho Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, wanaosimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

Sasa chukua kalamu. Riba ile ilipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, mwezi hadi mwezi, hata baada ya deni kupungua. Shilingi 35,000 mara 12 ni 420,000. Jumla analipa 1,420,000, yaani 118,333 kila mwezi. Asilimia 3.5 ile ile ingepigwa juu ya salio linalopungua, rejesho lingekuwa kama 103,484 na riba yote isingefika 242,000. Tofauti ni zaidi ya 178,000, na kwa mtu anayeuza wali maharage stendi, hiyo ni pesa ya kumsomesha mtoto. Juu ya hapo, kabla hajakabidhiwa fedha alikatwa 50,000 ya fomu na bima. Mkononi alipata 950,000. Ukiiweka 950,000 upande mmoja na marejesho 12 ya 118,333 upande wa pili, riba halisi inatoka asilimia 6.8 kwa mwezi. Karibu mara mbili ya ile iliyoandikwa.

Hesabu hiyo ni ya mwaka wa pili wa fedha. Kijana wa fedha anaifanya kwa dakika tano, na ndipo anapokwama: asilimia 6.8, halafu? Hajui aifanyie nini. Kijana wa sheria naye angeusoma mkataba ule akaona sahihi, akaona mkopaji ni mtu mzima mwenye akili timamu, akasema ridhaa ipo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inataka ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Lakini ridhaa huru ni ile isiyopatikana kwa udanganyifu wala upotoshaji, na hakuna anayeweza kuuliza kama mteja alipotoshwa bila kujua kwanza alichoambiwa na anacholipa vinatofautiana kwa kiasi gani. Swali la sheria limefichwa ndani ya hesabu. Na ile 50,000 haikuandikwa popote katika kurasa zile mbili. Nilizisoma neno kwa neno. Hilo ni jambo la kupeleka malalamiko, na aliyesoma pande zote mbili ndiye anayejua ayaandike vipi ili yasikike.

Tuje kwenye kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya biashara Afrika Mashariki ameikariri: Salomon, 1897. Tunafundishwa sentensi moja, kwamba kampuni ni mtu kisheria, tofauti na wenye hisa wake. Tunaiandika, tunapata alama. Hakuna anayetufungulia vitabu vya hesabu vya Aron Salomon mwenyewe, na humo ndimo utamu ulimo.

Salomon alikuwa fundi na mfanyabiashara wa viatu vya ngozi, Whitechapel, London. Mwaka 1892 aliiuzia biashara yake kampuni aliyoianzisha yeye. Hisa 20,001 zikawa zake; mkewe na watoto wao watano wakapata moja moja. Sehemu ya malipo hakuichukua kwa hisa bali kwa hati fungani, yaani hati za deni, za pauni 10,000 zenye dhamana juu ya mali za kampuni. Yaani alikuwa mwenye kampuni, na papo hapo mdai wa kampuni, tena mdai anayelipwa kabla ya wengine. Biashara ilipoyumba aliziweka hati zile rehani kwa mtu aitwaye Broderip, akapata pauni 5,000 za kuinusuru. Haikunusurika. Mfilisi alipoingia, wadai wasio na dhamana walijikuta hawana cha kugawana, na ndipo ikadaiwa kwamba Salomon alipe kutoka mfukoni. Baraza la Malodi likakataa.

Ukiisoma hivyo, unaona kwamba kesi inayofundishwa kama falsafa ya mtu wa kisheria ni somo zima la namna biashara inavyopata mtaji: kiasi gani kiwe hisa, kiasi gani kiwe deni, nani analipwa kwanza mambo yakiharibika. Ndicho kinachofundishwa katika darasa lile jingine, la fedha, saa nane mchana, kwa fomula na bila Salomon. Wahadhiri wawili, jengo moja, habari moja iliyokatwa katikati.

Na hasara yake naiona. Kijana anasajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2002, anaweka neno Limited kwenye bango, na moyoni anaamini nyumba yake imesalimika kwa sababu alifundishwa kwamba dhima ya mwanahisa ina ukomo. Anaingia benki kuomba mkopo. Benki, ambayo Salomon inamjua vizuri zaidi yake, inamwekea mbele karatasi ya dhamana binafsi ya mkurugenzi. Anasaini kama anavyosaini karatasi nyingine zote siku ile. Kwa sahihi hiyo moja ameirudisha nyumba mezani, maana mdhamini anawajibika sawa na mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vingine. Kama nyumba ni ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinataka ridhaa ya mwenzi wake kabla haijawekwa rehani. Nimeona wanandoa wakiyajua haya mbele ya dalali wa mahakama, na hapo elimu imechelewa.

Kuna mkataba mwingine wa mkopo ambao ulipaswa kuwa somo la kwanza kabisa, kwa sababu wanafunzi wenyewe wameshausaini. Ni ule wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Wanafunzi wengi wanauingia wakiwa na miaka 19 au 20, kwa haraka, macho yakiwa kwenye bumu, yaani fedha ya kujikimu. Ni mkopo wa miaka mingi, wenye makato ya asilimia 15 ya mshahara kwa aliyeajiriwa. Kwa miaka kadhaa ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta Mei Mosi 2021. Fikiria darasa la fedha likikokotoa deni la mhitimu wa mwaka 2012 pamoja na tozo ile na bila tozo ile, huku darasa la sheria likiuliza: masharti ya mkopo yakibadilishwa kwa sheria baada ya mimi kusaini, nafasi yangu ni ipi? Makato yenyewe yaliongezwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8 hadi 15, na waliokuwa wameshasaini zamani nao wakakatwa. Hakuna kesi ya London itakayomfanya mwanafunzi asikilize kuliko hiyo.

Soko la hisa nalo lina mifano ya kutosha. Vodacom Tanzania ilipouza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma mwaka 2017, kwa shilingi 850 kila moja, ilifanya hivyo kwa sababu sheria iliyataka makampuni ya simu yajiorodheshe. Waraka wa matarajio, ule unaomweleza mnunuzi wa hisa hali ya kampuni, ulikuwepo, mnene, wazi kwa kila mtu. Wangapi kati yetu tuliosoma fedha tuliwahi kuufungua darasani?

Naijua hoja ya upande wa pili. Wanasema mhitimu wa fedha haendi kuwa wakili, na muhula hautoshi. Hoja ya muda ina uzito, mihula yetu imejaa kweli. Lakini simtaki mhitimu wa fedha asimame mahakamani. Namtaka ajue ni wakati gani amwite wakili, na akimwita amweleze tatizo kwa lugha ya vifungu. Bodi ya wahasibu, NBAA, yenyewe ina karatasi ya sheria katika mitihani yake, kwa hiyo taaluma imeshakubali kwamba hesabu peke yake haitoshi. Kilichobaki ni vyuo kuacha kuifundisha sheria kama orodha ya kukariri. Kuhusu muda, sioni haja ya kuongeza somo. Chukueni semina za wiki nne katika muhula uliopo, ziwe za vitivo viwili pamoja, wanafunzi wakae kwa jozi, mmoja wa fedha na mmoja wa sheria, mbele ya karatasi halisi iliyofutwa majina. Mkataba wa kausha damu mmoja. Fomu ya dhamana ya mkurugenzi. Makubaliano ya bodaboda ya mkataba, ambapo dereva anapeleka hesabu kila siku kwa mwaka mzima na hakuna palipoandikwa nani anabeba hasara pikipiki ikiibwa mwezi wa kumi. Taarifa ya robo mwaka ya benki, zile zinazotangazwa magazetini na kufungiwa vitumbua.

Mtihani wa mwisho ningeuweka na swali moja la muda wa saa tatu. Mwanafunzi apewe mkataba wa mkopo wa kurasa mbili. Sehemu ya kwanza, akokotoe riba halisi pamoja na makato yote ya awali. Sehemu ya pili, ataje vifungu vya sheria vinavyoguswa na aseme mkopaji ana haki zipi na zinadaiwa wapi. Sehemu ya tatu, yenye alama nyingi kuliko zote, aandike kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa kumsomea mkopaji kabla hajasaini. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama Tanzania, kwa hiyo hakuna sababu sehemu hiyo isisahihishwe kwa ukali ule ule wa sehemu nyingine. Na msahihishaji wa sehemu ya tatu asiwe mhadhiri peke yake. Akae naye mtu mmoja anayelipa marejesho.