Namba za dashibodi huharibikia mlangoni

Mkurugenzi akifungua dashibodi, yaani ukurasa wa chati za biashara, na kukuta mauzo ya Jumanne hayalingani na ya mhasibu, lawama ya kwanza huangukia chati. Mtu anaambiwa arekebishe fomula, abadilishe kichujio, achore upya. Kwa maoni yangu, mara nyingi hapo si penyewe. Namba ilishakosewa usiku, data ilipokuwa inavutwa kutoka mfumo chanzo, kama ule wa mauzo, kwenda kwenye ghala la data, yaani hifadhidata ya pembeni inayolisha ripoti. Ndiyo maana nashikilia kwamba timu inayoanza kazi hii ijenge ukaguzi wa kulinganisha hesabu za chanzo na za ghala kabla ya kuchora chati hata moja.

Jedwali dogo, tuseme orodha ya matawi au bidhaa elfu kumi, livute lote kila usiku na usijisumbue. Kazi iko kwenye majedwali ya miamala, ambayo huwezi kuyasoma yote kila siku. Hapo wengi hutegemea kolamu ya muda wa mabadiliko, updated_at: vuta kila kilichobadilika tangu mara ya mwisho. Njia ni nzuri, ila ina matundu matatu.

La kwanza ni muamala uliochelewa kukamilika. Mstari umepigwa muhuri wa saa 7:59 usiku, lakini hifadhidata imeukamilisha saa 8:01. Skripti yako, yaani programu ndogo inayovuta data, ikipita saa 8:00 kamili haiuoni. Kesho yake inaomba vilivyobadilika baada ya saa 8:00, na mstari ule una muhuri wa 7:59, basi umeachwa moja kwa moja. Dawa ni kurudi nyuma kila unapovuta, dakika 30 au saa nzima, kisha kupakia kwa kufuata ufunguo wa mstari, yaani namba yake ya pekee: ukiwepo unabadilishwa, usipokuwepo unaongezwa. Hivyo kilichovutwa mara mbili hakihesabiwi mara mbili. Na saa ya kufuata iwe ya seva ya chanzo, kwa sababu saa ya seva yako inaweza kuwa mbele kwa dakika kadhaa.

Tundu la pili ni muhuri usiobadilika. Katika MySQL kolamu inaweza kuagizwa ijisasishe yenyewe. Katika PostgreSQL lazima mtu aweke triga, yaani amri inayojiendesha kila mstari unapobadilika. Kama muhuri unaandikwa na programu ya mauzo peke yake, siku fundi akiingia moja kwa moja kwenye hifadhidata kurekebisha kiasi, muda unabaki wa zamani na wewe huna habari. Waulize wenye mfumo swali hili kabla hujaandika skripti.

La tatu ni kufuta, na ndilo linaloumiza zaidi. Risiti iliyofutwa kwenye chanzo haina muhuri wowote wa kuvuta, kwa hiyo kwenye ghala inaendelea kuishi na mauzo yanaonekana makubwa kuliko yalivyo. Angalau mara moja kwa wiki, vuta funguo tu za siku 90 zilizopita ulinganishe pande mbili. Wenye uwezo wasome kumbukumbu ya mabadiliko ya hifadhidata yenyewe, maana humo hata kufuta kunaandikwa. Lakini kuna hatari yake: ukijisajili kama msomaji, PostgreSQL huzitunza kumbukumbu hizo mpaka uzisome. Programu yako ikilala Ijumaa jioni, mafaili yanarundikana na yanaweza kujaza diski ya hifadhidata ileile inayotumiwa na makeshia. Kuanzia toleo la 13 kuna mpangilio wa max_slot_wal_keep_size unaoweka ukomo wa kumbukumbu hizo, uweke. Ukomo ukifikiwa utalazimika kupakia upya kutoka mwanzo, na hiyo ni nafuu kuliko maduka kusimama.

Mafaili ya Excel yanahitaji macho zaidi. Namba ya simu inayoanza na 255 ina tarakimu 12; ikifunguliwa kwenye Excel kama namba ya kawaida na kuhifadhiwa tena kama CSV (faili la maandishi matupu), inatoka ikiwa 2.55754E+11, na tarakimu sita za mwisho zimepotea kabisa. Iliyoanza na 0 inapoteza sifuri. Tarehe 03/04/2025 inaweza kusomwa Aprili 3 au Machi 4, na upakiaji hautalalamika hadi ifike tarehe 13 ya mwezi. Na si wadogo tu wanaokwama. Mwaka 2020, Public Health England, shirika la afya ya umma la Uingereza, ilikosa kuripoti kwa wakati wagonjwa 15,841 wa korona wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili la zamani la XLS, lenye mwisho wa mistari 65,536. Mistari iliyozidi haikuingia.

Saa za eneo nazo: sisi wa Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Chanzo kikihifadhi kwa UTC na ripoti ikakata siku bila kubadilisha, muamala wa saa 7:30 usiku wa Julai 1 unahesabiwa Juni 30, yaani mwaka wa fedha wa serikali uliokwisha.

Kwenye kupakia, msimamo wangu ni mmoja: data ghafi iingie kwanza kama ilivyo, kila kolamu ikiwa maandishi, pamoja na jina la faili na namba ya upakiaji. Kugeuza kuwa tarehe na fedha kufanyike hatua ya pili, ndani ya ghala. Anayesafisha njiani hana pa kurudi akigundua alisafisha vibaya.

Kisha hesabu. Kwa kila siku na kila tawi, linganisha idadi ya mistari na jumla ya kiasi kwenye chanzo na kwenye ghala. Idadi peke yake haitoshi, kwa sababu mistari 4,000 inaweza kufika yote huku desimali zimehamishwa na mkato uliosomwa vibaya. Tofauti ikizidi sifuri, upakiaji usimame na mtu wa zamu apigiwe simu. Asubuhi dashibodi ibaki na namba za juzi, na juu yake iandikwe kwa herufi kubwa data imeishia tarehe ngapi.