Daftari la mama linajua zaidi ya kompyuta tatu

Daftari la matibabu la mama yangu limevikwa gazeti, na juu ya gazeti nailoni, kama tulivyokuwa tukivika madaftari ya shule. Ndani mna presha yake ya miaka sita na miandiko ya matabibu zaidi ya kumi. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja kwa peni nyekundu: ASICHOMWE PENISILINI. Aliuandika tabibu wa zahanati ya mtaani kwetu, siku mama alipovimba midomo na kukosa pumzi dakika chache baada ya sindano.

Mwaka jana mama alizidiwa usiku, tukatoka mbio na daftari likabaki mezani. Zahanati yetu ina kompyuta. Hospitali ya wilaya tuliyopitia kwanza ina kompyuta. Ile ya rufaa tuliyopelekwa ina kompyuta kila dirisha. Kote huko walimuuliza upya jina, umri, mtaa, namba ya simu na bima. Daktari wa zamu, kijana mwenye adabu, alitazama kioo chake akaniambia, "Dada, huku kwetu mama ni mgonjwa mpya." Mama ana miaka 67, na miaka sita amekuwa akitibiwa ndani ya mkoa huohuo. Nesi alipokuja na trei nikamuuliza, "Sista, hiyo ni dawa gani?" Akasema ampisilini. Nilimshika mkono.

Ampisilini ni ya ukoo wa penisilini. Nilijua kwa sababu nimelisoma lile daftari mara nyingi.

Sitaki turudi kwenye makaratasi. Nimekulia enzi za masijala za hospitali, ambapo karani aliingia nyuma ya makabati, akatoka baada ya saa nzima na kusema faili halionekani, kisha akafungua jipya. Mtu mmoja alikuwa na mafaili manne na hakuna hata moja lililojua habari za mengine. Na aliyewahi kukaa na nesi wa zahanati mwisho wa mwezi anajua kazi ya vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za kituo: kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 12 cha wanaojifungua, kuhesabu mstari kwa mstari kwa kikokotoo huku foleni inamsubiri nje. Kompyuta ikimwondolea nesi mzigo huo, nami nashukuru.

Ninachopinga ni mahali tulipoanzia. Vituo vingi nilivyopita, kompyuta ilianza dirisha la malipo. Mfumo unajua mama anadaiwa shilingi ngapi na kama bima yake iko hai. Mapato yasipotee, sawa, dawa zinanunuliwa kwa fedha hizo. Lakini kumbukumbu inayofuata fedha huishia getini, na mgonjwa yeye hupita geti akaenda kutibiwa kwingine.

Majirani zetu walianza zamani. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kiliwekewa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Zilikuwa kompyuta mbili, na betri za sola za kushika umeme ukikatika. Mgonjwa alichukua fomu ya karatasi mapokezi, watoa huduma wakaandika humo, na akiondoka karani akayaingiza yaliyoandikwa kwenye kompyuta. Kazi ya watu hao ndiyo iliyozaa OpenMRS mwaka 2004, programu ya bure ambayo leo inatumika nchi nyingi, zikiwemo Rwanda na Uganda. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mambo haya ni ya Ulaya.

Watafiti walipopima Mosoriot, walikuta muda wa mgonjwa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Hiyo ni habari njema kwa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje tangu alfajiri. Ila muda wa mtoa huduma kwa kila mgonjwa nao ulipungua, kwa asilimia 58, na takwimu hiyo imenikaa moyoni. Karatasi alizokuwa akijaza zilipungua, naelewa. Basi muda uliookolewa arudishiwe mgonjwa, aulizwe, "Mama, kuna dawa iliyowahi kukudhuru?" Swali hilo halichukui dakika.

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, maana yake watu wengi zaidi watapita vituo vingi zaidi. Nataka namba ya NIDA ya mama, ya kitambulisho cha taifa, ikiingizwa popote, kitu cha kwanza kutokea kiwe aleji zake, kabla ya deni lake. Nataka pia apewe nakala ya taarifa zake kila anapotoka. Na usiri nao: si kila mwenye nywila aone nani anahudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini nimeona kwa macho yangu nywila imebandikwa kwa selotepu pembeni ya kioo.

Mama alipona. Kliniki ya presha ya mwezi uliopita nilimsindikiza, daftari likiwa kwenye mkoba. Nesi alipomaliza kuchapa nikamwomba aandike na humu. Akacheka kidogo, akachukua peni: 140/90, tarehe, sahihi. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akausoma mstari mwekundu, akageukia kompyuta na kuanza kuchapa tena.