Megafoni, nkambo na gunia tatu za makala

Kwanza kabisa: si Katuba nzima, mtaa wetu hapa Lubumbashi, iliyosikia megafoni yangu ikitangaza kura ya nkambo, mzee wetu. Ni avenyu mbili tu. Papa Dédé ametuma sauti ya dakika 4 kwenye grupu la likelemba, mchango wetu wa kupokezana, anacheka kuliko anavyosema, na tangu jana watu wananiamkia wameweka mikono mdomoni kama tarumbeta. Sasa sikilizeni mimi niliyekuwa ndani ya pazia, ili mkicheka mjue mnachocheka.

Chama chetu cha wauza makala, yaani mkaa, kilikwama kumchagua raisi wake, hilo mnalijua. Duru ya kwanza wagombea 3, waliopiga 131, mbovu 9, safi 122. Sheria yetu inataka zaidi ya nusu, yaani 62. Wa kwanza 55, wa pili 41, wa tatu 26. Basi deziemu turu, yaani duru ya pili, wale wawili wa mbele, baada ya wiki mbili. Majina siyataji, hapa Lubumbashi bado nataka kununua makala. Tuwaite Wa Juu na Wa Chini, jinsi walivyokaa kwenye karatasi. Nani akae juu iliamuliwa kwa kuokota vifuniko vya chupa ndani ya kofia.

Vijana walikataa kabisa. "Tulishaka kupiga, sasa tunarudia nini?" Sikuwalaumu. Raisi wa nchi tulimchagua kwa duru mbili mara moja tu, mwaka 2006: tarehe 30 Julai wagombea walikuwa 33, tarehe 29 Oktoba wakabaki Kabila na Bemba, na siku hiyohiyo tukapewa karatasi nyingine ya wabunge wa jimbo. Januari 2011 Katiba ikaguswa, duru ikabaki moja. Aliyezaliwa baada ya Oktoba 1988 hajawahi kupiga kura ya namna hiyo kumchagua raisi, atajuaje?

Ndiyo maana nikajitolea. (Neno hilo, kujitolea, mkilisikia tena mdomoni mwangu nipigeni na mwiko wa bukari.) Siku tatu nilipita mlango kwa mlango na maneno matatu: ulipiga kwanza, unapiga tena; hukupiga kwanza, jina lako bado liko kwenye orodha, njoo; mtu wako ameanguka, kura yake haiendi yenyewe kwa mwingine, lazima uchague upya. Hilo la tatu ndilo gumu. Mama mmoja alinijibu kwamba kura yake alishampa wa tatu, na kitu ulichotoa haurudi kukiomba.

Karatasi pia niliipanga mimi, na hapo hakuna anayenicheka. Zile 9 mbovu nilizichungulia moja baada ya nyingine. Saba kati yake ni wino. Watu wetu wengi wanapiga kwa kidole gumba, wino wa tamponi haujakauka, karatasi inakunjwa, alama inahamia upande wa pili. Wagombea wakikaa kushoto na kulia, kwa kunja moja ya katikati kisanduku kinalala juu ya kisanduku na kura inakuwa ya wote wawili. Nikawaweka mmoja juu, mwingine chini, picha kushoto, kisanduku kulia. Unakunja kulia kuja kushoto: wino ukihama unampaka usoni mtu yuleyule uliyemchagua. Halafu unakunja mara ya pili, juu kuja chini, na ndani hakuna kinachogusana tena. Jumapili hii mbovu zilikuwa 2 tu. Papa Dédé hilo hakulisema kwenye sauti yake, mmeona?

Ya kidole, alama ya aliyekwisha kupiga, tulitumia vyole ya famasia, ile dawa ya zambarau, kichupa kimoja cha kuchovya. Inatosha, mradi kidole kiwe kimefutwa mafuta kwanza; mwenye mikono ya vitumbula ananawa akienda. Na asiyeona au asiyeweza peke yake anamchagua mwenyewe wa kumsaidia, ila asiwe shahidi wa mgombea wala mtu wa biro, wale wanaosimamia kura. Msaidizi anamsomea karatasi kutoka juu kwenda chini, mara mbili, kisha hamuulizi jina. Mpiga kura anamgonga mkononi: mara moja wa juu, mara mbili wa chini. Kimyakimya. Sheria hiyo ya kugonga niliitunga mimi. Nimeifundisha mimi. Mlango kwa mlango.

Megafoni niliiazima kwa kijana mmoja anayetembeza dawa ya panya. Betri 6 kubwa, nilinunua mimi. Kazi yake ilikuwa kupanga mstari: "Kadi 1 mpaka 40, huku! Kadi 41 mpaka 80, kaeni kivulini!" Kwenye mpini kuna kitufe cha kubonyeza ukisema, na pembeni yake kachuma kadogo ka kukikaza kisirudi. Kufika saa nne kidole kilikuwa kimechoka. Nikakaza.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo Dédé amenidanganyia.

Nkambo anafika, macho hayaoni tena, masikio nayo nusu. Biro inamuuliza nani amsaidie. Anasema, "Ule mwenye kupiga makelele." Ni mimi. Naitundika megafoni begani kwa mkanda wake, namshika mkono, tunaingia nyuma ya pazia la kitenge. Kibanda chetu cha siri kiko kwenye kona ya darasa, chini ya dirisha lisilo na kioo. Ninyi mnaojua vyombo mtauliza: mbona haikupiga mluzi? Megafoni inapiga mluzi sauti yake ikirudi kwenye maikrofoni yake. Yangu tarumbeta ilikuwa imetoa mdomo nje ya dirisha, inaangalia mstari wa watu, na maikrofoni imelala kwapani kwangu, upande wa nkambo. Ingepiga mluzi ningepona.

Namsomea. Wa Juu, Wa Chini. Tena. Namwambia, "Nkambo, ugonge." Anasema, "Nigonge nini? Mimi niko mlango?"

Huko nje nasikia sauti kubwa inasema mambo ya mlango. Jumapili, Katuba, kila kona ina kanisa na spika zake. Nikasema, "Huyu mchungaji naye, hata siku ya kura!" Mchungaji akarudia maneno yangu. Ndugu zangu, niliisikia. Niliisikia na sikuelewa.

Nkambo akanivuta sikio. "Yule mutoto wa dada yangu, hapana. Alikulaka gunia zangu tatu za makala tangu Pasaka. Kila siku kesho, kila siku kesho."

Hapo mtu mwenye akili ananyamaza. Mimi, niliyefundisha avenyu nne kwamba haulizwi mtu jina, nikataka kuhakikisha. "Kwa hiyo, nkambo, ni wa chini?"

"Wa chini! Lakini akikuuliza, umwambie nilimupigia yeye."

Nje kukawa kimya. Mnajua mstari wa wauza makala unavyopiga domo. Ukinyamaza wote, kuna mtu amekufa. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, nikaijua ile sauti, na kichwa cha Papa Dédé kikatokea dirishani, machozi yanamtoka, ananyoosha kidole kwenye bega langu. Nkambo akauliza, "Banacheka nini?" Na avenyu mbili zikaulizwa: BANACHEKA NINI?

Nikaishika megafoni nizime. Kitufe cha kuzima na kile cha tangazo lililorekodiwa vimepakana. Nikabonyeza. Ikatoka sauti ya yule kijana, tamu, haina haraka: "Dawa ya panya! Mende! Kunguni! Akila hafiki mlangoni!" Na hiyo inajirudia yenyewe. Nilitoka nje ya pazia nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa, inasema akila hafiki mlangoni, na mlangoni amesimama nani? Mutoto wa dada yake. Wa Juu. Amevaa suti ya kijivu, kidole kina vyole, ananiangalia. Nikatoa betri moja baada ya nyingine mbele yake. Ya tatu ilikwama.

Yaliyofuata ni mafupi. Kura ilisimama dakika 20, mashahidi wakabishana kama kura ya nkambo ifutwe. Kwa kuwa karatasi ilikuwa bado haijaguswa, ikakubaliwa achague msaidizi mwingine. Akamchagua mke wa Dédé, wakaingia, wakatoka. Mimi nikatumwa kulinda viatu vya watoto uani. Matokeo: Wa Chini 64, Wa Juu 60. Na hapa sicheki sana, kwa sababu waliokuwa bado mstarini wakati ule walizidi 30, nami nilikuwa nimewatangazia deni la mtu. Wa Juu aliandika malalamiko usiku huohuo. Kamati ikamwita, ikasema iko tayari kuyasikiliza, na ianze na gunia. Akaondoa karatasi yake.

Jumatatu alfajiri baiskeli ilimpelekea nkambo gunia mbili. La tatu bado. Leo amemtuma mjukuu wake kuniuliza kama ile megafoni nilisharudisha.