Kuosha mbegu za kiume si njia pekee
Makala moja niliyoisoma inadai kwamba mwanamume mwenye VVU akitaka kuzaa na mke asiye na maambukizi, hana budi mbegu zake zioshwe maabara kwanza. Dai hilo lilikuwa na uzito mwaka 1992, mtafiti Semprini na wenzake wa Milan, Italia, walipochapisha matokeo yao: kwa kuwa virusi hukaa zaidi katika majimaji ya shahawa na chembe nyeupe kuliko katika mbegu zenyewe, shahawa huzungushwa kwa kasi katika mashine, mbegu zinazoogelea vizuri hutengwa na kupimwa, ndipo huingizwa katika mji wa mimba kwa mrija mwembamba. Leo hali ni nyingine. Utafiti wa PARTNER uliochapishwa mwaka 2016, ambao ulifuatilia jozi 888 za wenza katika nchi 14 za Ulaya, haukupata hata ambukizo moja kutoka kwa mwenza anayetumia ARV (dawa za kufubaza VVU) na mwenye virusi chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu, ingawa wenza hao hawakutumia kondomu; basi wanaweza kutafuta mtoto kwa njia ya kawaida. (Maabara ingali na nafasi yake, hasa mbegu zinapokuwa chache, lakini hilo ni tatizo la ugumba, si la VVU.) Lililonishangaza zaidi ni kwamba mwanamke mwenye VVU hakutajwa kabisa katika makala hiyo, ilhali yeye, akiwa tayari kwenye dawa zinazomkinga pia mtoto, anaweza hata kuwekewa shahawa za mumewe ukeni kwa bomba lisilo na sindano, siku ambazo yai limekomaa. Je, wasomaji wenzangu, ni wangapi walioelezwa haya kabla ya kutajiwa gharama za maabara?